Gintautas Umaras: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Olimpiki ikikaribia, maswali kuhusu bingwa huyu wa Kaunas huanza tena: alikuwa Mrusi au Mlithuania, mbona mbio zake hazionyeshwi siku hizi, na kwa nini majedwali ya medali hayakubaliani. Hapa yamepangwa kuanzia yale ya mwanzo kabisa hadi yale ya wabishi.

## Ya msingi

Gintautas Umaras ni nani?

Ni mwendesha baiskeli mstaafu wa Lithuania, aliyezaliwa Kaunas tarehe 20 Mei 1963. Alikimbia uwanjani (uwanja wa baiskeli wa mzunguko, wenye kona zilizoinama) na barabarani, ila jina alilipatia uwanjani, kwenye mbio za kufukuzana za mita 4,000. Mwaka 1987 alitwaa ubingwa wa dunia wa wachezaji wa ridhaa mjini Vienna. Mwaka uliofuata alikwenda Seoul, Korea Kusini, akarudi na dhahabu mbili za Olimpiki: moja ya mmoja mmoja, nyingine ya timu.

Zote mbili alizipata akiwa na jezi ya Muungano wa Kisovieti. Suala hilo lina sehemu yake, tazama "Jezi na bendera" hapo chini.

Mbio za kufukuzana ni mbio za namna gani?

Wakimbiaji wawili wanaanza kwa wakati mmoja, kila mmoja upande wake wa uwanja, katikati ya sehemu iliyonyooka. Bunduki ikilia, kila mmoja anamfukuza mwenzake. Ukimfikia mpinzani, mbio zimeisha hapohapo. Msipofikiana, mshindi ni yule aliyemaliza mita 4,000 kwa muda mfupi zaidi. Hakuna kujificha upepo nyuma ya mtu, hakuna kuviziana hadi mita 200 za mwisho, hakuna mwenza wa kukuletea chupa ya maji. Ni wewe, mapafu yako na saa.

Waliofuatilia mbio za dunia za barabarani kule Kigali, Septemba 2025, waliona mtu akikimbia peke yake dhidi ya saa. Huyu wa uwanjani anafanya kazi ya namna ileile kwa dakika nne na ushee tu, bila kilima wala mteremko, na mpinzani wake yuko ng'ambo akikanyaga wakati huohuo. Kwa maoni yangu hakuna mbio za haki kuliko hizi. Aliyeshinda ameshinda, na hawezi kusingizia bahati.

Baiskeli zake zikoje?

Hazina breki na zina gia moja tu. Gurudumu la nyuma limefungwa moja kwa moja na mnyororo, kwa hiyo linapozunguka, pedali nazo lazima zizunguke. Ukiacha kukanyaga ghafla, baiskeli itakukanyagisha kwa nguvu au itakurusha. Kwa sababu gia ni moja, mwanzo ni mgumu mno: mwendeshaji anasimama juu ya pedali, anavuta usukani, na robo ya kwanza ya uwanja inapita polepole kuliko mtazamaji anavyotegemea. Zama za Umaras mtu alikuwa anashika kiti kwa nyuma ili baiskeli isimame wima hadi bunduki ilie.

Mstari mweusi ule wa chini uwanjani ni wa nini?

Ndio unaopimia urefu wa uwanja. Mzunguko mmoja ni mzunguko mmoja pale tu unapokanyaga juu ya mstari huo. Ukipanda juu yake, unaongeza safari bila kulipwa.

Hesabu yake ni rahisi na inashangaza. Mtu akikaa sentimita 30 nje ya mstari mzunguko mzima, anaongeza karibu mita 1.9, haijalishi uwanja ni mkubwa au mdogo. Uwanja wa Seoul ulikuwa wa mita 333 na theluthi, kwa hiyo mita 4,000 zilikuwa mizunguko 12. Zidisha: mita 22 na zaidi za bure, kwa mwendo wa Umaras kama sekunde moja na nusu. Ndiyo maana makocha wa mbio hizi huwapigia kelele vijana wao kuhusu mstari kabla hawajawapigia kelele kuhusu kasi. Mapafu yakianza kuwaka mzunguko wa tisa, usukani huanza kuyumba, na sentimita hizo 30 zinapatikana bila mtu kuzitafuta.

Na timu inafukuzana vipi?

Wanne dhidi ya wanne, umbali uleule. Wanakaa kwenye mstari mmoja, gurudumu kwa gurudumu, na wa mbele ndiye anayekula upepo wote. Baada ya nusu mzunguko au mmoja anapanda juu kwenye kona yenye mwinamo, anawaacha wenzake watatu wapite chini, kisha anateremka na kujiunga mkiani. Akichelewa kidogo kuteremka, pengo linafunguka na lazima alizibe akiwa tayari amechoka. Muda unachukuliwa kwa gurudumu la mtu wa tatu, kwa hiyo timu inaweza kumpoteza mmoja njiani na bado ikamaliza halali.

## Seoul, 1988

Fainali ya mmoja mmoja ilikwendaje?

Alikutana na Dean Woods wa Australia, ambaye si mtu wa kubezwa: alikuwa na dhahabu ya timu ya Los Angeles 1984. Umaras alimaliza kwa dakika 4 na sekunde 32.00, Woods 4:35.00.

Sekunde tatu zinaonekana chache zikiwa kwenye karatasi. Kwa wastani wa kilomita karibu 53 kwa saa, wakati Umaras anakata mstari Woods alikuwa bado ana mita 44 za kwenda. Shaba ilikwenda kwa Bernd Dittert wa Ujerumani Mashariki, aliyemzuia Colin Sturgess wa Uingereza. Sturgess hakuchelewa kujifuta machozi: mwaka uliofuata alikuwa bingwa wa dunia wa wachezaji wa kulipwa.

Kwa nini alipangwa Umaras wakati Ekimov alikuwepo?

Swali zuri, maana Viatcheslav Ekimov alikuwa bingwa wa dunia wa mbio hizohizo mwaka 1985 na 1986. Katika Olimpiki hiyo kila nchi ilipewa nafasi moja tu kwa mbio za mmoja mmoja. Sovieti walikuwa na mabingwa wawili wa dunia ndani ya kikosi kimoja na kiti kimoja. Umaras ndiye aliyekuwa na taji la karibuni, la Vienna 1987, na ndiye aliyekalia kiti hicho. Ekimov akabaki kwenye timu.

Ukitaka kujua uzito wa kikosi kile, liangalie jambo hili moja: kwa nchi nyingi, kupenya fainali ni kazi ya mzunguko mzima wa miaka minne. Kwa Sovieti, pengine mtihani mkubwa ulikuwa kumpita mtu mnayekula naye meza moja.

Dhahabu ya timu waliipata kina nani?

Umaras, Ekimov, Dmitry Nelyubin na Artūras Kasputis. Kasputis naye ni Mlithuania, mzaliwa wa Klaipėda, mji wa bandari wa magharibi. Kwa hiyo nusu ya wale wanne walitoka katika nchi ambayo haikuwa na watu milioni 4.

Fainali ilikuwa dhidi ya Ujerumani Mashariki na iliamuliwa kwa unywele: 4:13.31 kwa 4:14.09, muda wa washindi ukiwa rekodi ya dunia. Hiyo ni kasi ya karibu kilomita 57 kwa saa, na tofauti ya kama mita 12. Linganisha na mwendo wa Umaras peke yake siku ya fainali yake, utaona faida ya kupokezana upepo: sekunde 18 na zaidi kwa umbali uleule.

Mbona hakukimbia Olimpiki ya 1984?

Muungano wa Kisovieti uligomea Los Angeles, na nchi nyingi za kambi yake zikafuata. Umaras alikuwa na miaka 21. Dhahabu ya mmoja mmoja ikachukuliwa na Mmarekani Steve Hegg. Wanaopenda kusema Seoul ilikuwa Olimpiki yake pekee wakumbuke hilo: mlango mmoja ulifungwa na wanasiasa.

Je, mshindi wa shaba anaweza kuwa na muda bora kuliko wa fedha?

Anaweza, na si kosa la waandishi wa matokeo. Dhahabu na fedha zinaamuliwa kwenye mbio moja, shaba kwenye mbio nyingine. Aliyeshindwa fainali ana fedha hata kama waliokimbilia shaba walikuwa wepesi kuliko yeye siku hiyo. Na akifikiwa na mpinzani anaweza hata asiwe na muda wa kuandikwa. Barcelona 1992 ilikuwa hivyo: Chris Boardman wa Uingereza, aliyerithi taji la Umaras, alimfikia Jens Lehmann wa Ujerumani ndani ya fainali yenyewe.

## Jezi na bendera

Kwa hiyo medali zake ni za Sovieti au za Lithuania?

Kwenye jedwali rasmi la Olimpiki ni za Muungano wa Kisovieti, mbili kati ya dhahabu 55 ambazo Muungano huo ulizipata Seoul. Hazihamishwi. Nchi ikisambaratika, medali zake hazigawanywi kama mirathi.

Kwenye orodha za mabingwa wa Olimpiki wa Lithuania, jina lake lipo na wala halina utata. Orodha hizo zinahesabu watu, na jedwali rasmi linahesabu kamati za Olimpiki zilizowapeleka. Ukikutana na mbishi mwenye orodha moja na wewe una nyingine, angalia kwanza kila mmoja anahesabu nini. Binafsi naona kumwita Umaras "Mrusi", kama baadhi ya magazeti ya wakati ule yalivyozoea kumwita kila mtu wa jezi nyekundu, ni uvivu. Si Mrusi, hajawahi kuwa.

Hali ya Lithuania ilikuwaje alipokuwa Seoul?

Ilikuwa inachemka. Sąjūdis, vuguvugu la kudai mageuzi na uhuru, lilikuwa limezaliwa Juni 1988. Michezo ya Seoul ilifungwa tarehe 2 Oktoba. Siku tano baadaye, tarehe 7, bendera ya njano, kijani na nyekundu ilipandishwa tena kwenye mnara wa Gediminas mjini Vilnius. Wanamichezo waliokwenda Asia wakiwakilisha nyundo na mundu walirudi nyumbani ambako bendera ya zamani ilikuwa inapandishwa mchana kweupe.

Umaras na Kasputis hawakuwa peke yao. Timu ya mpira wa kikapu ya Sovieti iliyoitoa Marekani katika nusu fainali na kuchukua dhahabu ilikuwa na Walithuania wanne: Sabonis, Chomičius, Kurtinaitis na Marčiulionis. Sabonis naye ni mtoto wa Kaunas.

Uhuru ulitangazwa tarehe 11 Machi 1990, na mwaka 1992 Lithuania ilirudi Olimpiki kwa jina lake.

"Ilirudi"? Ilikuwa imewahi kuwepo?

Ndiyo. Ilishiriki Paris mwaka 1924, kabla ya kumezwa na Sovieti, na msafara wake ulikuwa timu ya mpira wa miguu pamoja na waendesha baiskeli wawili, Isakas Anolikas na Juozas Vilpišauskas. Yaani baiskeli ilikuwemo tangu siku ya kwanza.

## Kutoka uwanjani hadi barabarani

Umaras alikimbia barabarani pia?

Ndiyo, kama karibu kila mkimbiaji wa kufukuzana. Dakika nne na nusu za uwanjani zinajengwa kwa kilomita nyingi za lami, kwa sababu mbio hizi hazitegemei misuli ya mlipuko kama zile za kasi fupi. Zinategemea pumzi. Lakini mtu akikuuliza taji lake kubwa la barabarani ni lipi, jibu ni kwamba mataji yake makubwa yako uwanjani, kwenye mbao.

Wenzake wa timu waliishia wapi?

Hapa ndipo utaona uwanja unavyozaa watu wa barabara.

Ekimov aligeuka kuwa mmoja wa wakimbiaji wa muda mrefu zaidi wa zama zake. Alianza Tour de France mara 15 na akazimaliza zote. Mwaka 2000, Sydney, alishinda dhahabu ya mbio za barabarani dhidi ya saa, mbele ya Jan Ullrich. Athens 2004 alikuwa wa pili, kisha dhahabu ikamfuata mwaka 2012 baada ya Mmarekani Tyler Hamilton, aliyekuwa wa kwanza, kupokonywa.

Kasputis alikimbia kwa kulipwa Ufaransa, katika timu ya Casino na baadaye AG2R, na alipostaafu akabaki ndani ya AG2R kama mkurugenzi wa michezo, yule anayeongoza timu kutoka kwenye gari. Nelyubin alifariki mwaka 2005 mjini St Petersburg.

Na kizazi kilichofuata cha Lithuania?

Hapa wanawake waliwaacha wanaume mbali. Kati ya mwaka 1998 na 2001, ubingwa wa dunia wa barabarani kwa wanawake ulikwenda Lithuania mara tatu katika miaka minne: Diana Žiliūtė kule Valkenburg 1998, Edita Pučinskaitė kule Verona 1999, na Rasa Polikevičiūtė kule Lisbon 2001. Lisbon Walithuania walichukua hata nafasi ya pili, kwa Pučinskaitė. Rasa ana pacha wake, Jolanta, naye mkimbiaji, na waandishi wa matokeo walipata taabu nao.

Žiliūtė ndiye aliyeipa Lithuania huru medali yake ya kwanza ya Olimpiki ya baiskeli, shaba ya Sydney 2000, na pia alishinda Kombe la Dunia la mwaka 1998 na 2000. Pučinskaitė aliongeza Giro (mbio za hatua za Italia) mbili za wanawake, 2006 na 2007. Nchi ndogo, tambarare, yenye baridi kali, ikatoa wanawake waliowashinda Waitaliano kwenye milima ya Italia. Sijaona maelezo ya mkato yanayotosheleza, zaidi ya kwamba shule za baiskeli za miji midogo hazikufa pamoja na Muungano.

Kwa wanaume, Raimondas Rumšas alimaliza wa tatu Tour de France 2002, lakini mwaka uliofuata alifungiwa kwa EPO, dawa haramu ya kuongeza chembe nyekundu za damu, na nafasi ile haitajwi tena bila kukohoa. Ramūnas Navardauskas ana rekodi safi zaidi: hatua ya Giro mwaka 2013, hatua ya Tour mwaka 2014, na shaba ya dunia kule Richmond 2015.

Uwanjani nako kulibaki mtu?

Simona Krupeckaitė. Yeye ni wa kasi fupi, si wa kufukuzana: bingwa wa dunia wa mita 500 mwaka 2009, na wa keirin (mbio fupi zinazoanza nyuma ya pikipiki) mwaka 2010. Wakati huo Lithuania ilikuwa imeshapata uwanja wa ndani, Panevėžys, uliofunguliwa 2008.

## Maswali ya pembeni

Muda wa 4:32 leo ungemfikisha wapi?

Usingemfikisha mbali, na hiyo si aibu. Mwaka 2024 mita 4,000 zilikimbiwa chini ya dakika 4 kwa mara ya kwanza. Boardman tayari alishuka hadi 4:24 mwaka 1992.

Kilichobadilika ni vitu vingi kwa pamoja. Seoul walikimbia uwanja wa wazi, upepo ukipita unapotaka, na leo ni ndani ya ukumbi wa mita 250 wenye joto lililopangwa. Mikono siku hizi inanyooshwa mbele kwenye vishikio virefu na kifua kinajificha, nguo zinashonwa baada ya kupimwa kwenye mashine za upepo, gia ni kubwa zaidi, na kila msukumo wa pedali unapimwa kwa wati. Kumlinganisha Umaras na vijana wa leo kwa saa peke yake ni kuwalinganisha mafundi na kompyuta. Linganisha kila mtu na waliokuwa naye uwanjani siku ile.

Kwa nini mbio za mmoja mmoja hazipo tena Olimpiki?

Zilianza Tokyo 1964 kwa wanaume, wanawake wakaingia 1992. Baada ya Beijing 2008 ratiba ya baiskeli za uwanjani ilipangwa upya ili wanaume na wanawake wawe na idadi sawa ya mbio, na mbio hizi zikatolewa. London 2012 na Rio 2016 zilibaki kama kipande ndani ya omniamu, shindano linalojumlisha mbio kadhaa, kisha hata hapo zikaondoka. Mbio za timu zipo hadi leo, na mashindano ya dunia bado yana zote mbili. Nadhani ni hasara, kwa sababu nilizotaja kwenye swali la mbio hizi ni za namna gani.

Ubingwa wake wa dunia ni wa "ridhaa". Una maana si kamili?

Hapana. Hadi mwaka 1993 Shirikisho la Baiskeli Duniani lilikuwa na mataji mawili: la ridhaa, mita 4,000, na la kulipwa, mita 5,000. Wakimbiaji wa Ulaya Mashariki waliandikwa ridhaa kwa kuwa mikataba ya kulipwa haikuruhusiwa kwao, ilhali walifanya mazoezi muda wote. Kwa mita 4,000, ushindani mkali zaidi ulikuwa hukohuko.

Mindaugas Umaras ni jina lake jingine?

Ni mdogo wake, naye mkimbiaji wa uwanjani. Ukisoma matokeo ya miaka ya mwisho ya 1980 na ukaona "M. Umaras", si kosa la uchapaji.

Nikitafuta matokeo ya zamani sipati majina. Nifanyeje?

Majina mengi yalipita kwenye herufi za Kirusi kabla ya kufika kwenye magazeti ya Ulaya, na kila lugha iliyaandika ilivyosikia. Ekimov utamkuta pia kama Yekimov, na Viatcheslav kama Vyacheslav. Kwa Walithuania, jaribu kuandika bila alama za juu na chini: Ziliute, Pucinskaite, Kasputis wa "Arturas". Na kwa matokeo ya kabla ya 1990, chagua nchi "URS", yaani Muungano wa Kisovieti, kwenye kisanduku cha kutafutia. Ukichagua Lithuania, Umaras hatatokea.